Kadi Mia Sita za Jembe

Jumanne ile ambayo Duncan wa mradi alipanda Chikwajuni kuja kulegeza uchumi, Mbeyu alikuwa na siku ishirini na nne za jembe, na hakuwa na haja ya kulegezewa chochote.

Siku hizo alikuwa amezifunga kitambaani na kuzitia katika kopo tupu la majani ya chai. Zilikuwa kadi ngumu za rangi ya machungwa, zisizopenya maji, kila moja ina picha ya jembe na maandishi makubwa: SIKU MOJA. Usizicheke. Huku Chikwajuni, bara kidogo ya Msambweni, wanawake walikuwa na mweria tangu enzi za bibi zao: leo sote twalima kwa Jumwa, kesho kwa Mbeyu, kesho kutwa kwa mwingine, na aliyelimiwa hulima. Nani anamdai nani lilikuwa jambo la kichwani, na kichwa cha mwanamke aliyeinama kutwa juani katika shamba la mwenzake hakisahau. Kisha mradi ukaja kutoka mjini, ukasema kichwa si mahali salama pa kuweka mali. Ukachapisha kadi. Ukimlimia mwenzako kutwa, unapokea kadi. Ukitaka kulimiwa, unatoa kadi. Hata Fondo mwenye duka akawa anazipokea, kadi moja kwa kilo moja na nusu ya unga, maana na yeye ana mashamba, ila mgongo wa kuyainamia hana.

Na mambo yalikwenda vizuri, tuseme kweli. Miaka miwili kadi ilikuwa sawa na siku, na siku ilikuwa sawa na jasho.

Mbeyu alikuwa amewalimia wanawake kumi na wawili, kila mmoja siku mbili. Zake hakuzidai, kwa sababu masika ya mwaka uliopita yalipita juu kwa juu bila kushuka, na yeye hakuwa mjinga wa kuita majembe kumi na mawili yaje kuparua vumbi. Alisubiri. Lakini shemeji yake Kitsao, kaka wa marehemu mumewe, hakuwa anasubiri. Alimjia asubuhi moja, akakataa kiti, akasema kwa ile sauti ya mtu anayependa kutumwa na ukoo hata kama ukoo haujamtuma:

"Shemeji, ardhi hailali misimu miwili. Mmoja, tunasema imepumzika. Wa pili, tunasema haina mwenyewe. Masika haya jembe lisipoingia, ekari zile tatu tutampa mwenye nguvu."

"Jembe litaingia, shemeji."

"Lako peke yako?"

"Langu na mengine kumi na mawili."

Kitsao akalitazama kopo la chai, akaondoka bila kuaga. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: ekari tatu, kadi ishirini na nne, na mawingu ambayo yangefika mwezi wa nne, Mungu akipenda.

Mkutano wa Duncan ulifanyika katika darasa la chekechea. Wanawake waliketi kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Kiti kikubwa kilikuwa kimoja, na alikikalia Fondo. Duncan mwenyewe alisimama. Alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye viatu vilivyochongoka na mapenzi makubwa kwa watu maskini, hasa wakiwa wengi.

"Shida yenu, kina mama," alisema, "ni kwamba uchumi umelala. Kadi mnazificha. Hazizunguki."

"Mvua haikunya," alisema Jumwa, jirani yake Mbeyu, ambaye mdomo wake haukuwahi kulala hata uchumi ulipolala. "Tuzizungushe tukilima nini?"

"Ndiyo maana tunalegeza! Huko Marekani, Uingereza, Ujapani, mambo yakikwama benki kuu haikai tu. Inatengeneza pesa mpya, inazitumia kununua karatasi za mikopo kutoka kwa wenye nazo. Wenye nazo wanapata pesa mkononi, wanakopesha wengine, wanajenga, wanaajiri. Sistimu inaamka. Sasa hapa, mwenye karatasi za mikopo ni nani?"

Vichwa vyote viligeuka kwenye kiti kikubwa. Fondo aliinamisha macho kama bibi harusi.

Mpango ulikuwa huu: Fondo ana daftari la watu waliokopa dukani wasilipe. Kwa kuwa hawajalipa, amefunga mkono. Mradi utachapisha kadi mpya mia sita na kumpa Fondo. Fondo ataupa mradi daftari. Mkono utafunguka. Kadi zitawashukia watu wote.

"Daftari lile?" aliuliza Jumwa. "Nusu ya waliomo wako makaburini. Mtawadai kwa mwadhini au kwa mchungaji?"

Watu wakacheka. Duncan naye akacheka, kwa sababu alikuwa amefundishwa kucheka na jamii.

"Mama, ile ni mali ya kitabuni. Si lazima ilipwe ndiyo iwe mali."

"Na hizo siku mia sita, zitalimwa na nani?" aliuliza Mbeyu. Hakuwa na kawaida ya kusema mikutanini. "Kadi imeandikwa siku moja. Nani ameinama?"

"Hapana, mama, hizi si siku za kuinama. Ni siku za kuchangamsha."

"Basi tuchangamsheni sisi. Tuko kumi na watatu. Kwa nini apewe yeye?"

"Mtu wa chini ukimpa, atakula ziishe," Duncan alisema kwa huruma. "Wa juu ukimpa, zitateremka."

"Hata mvua inateremka," alisema Jumwa. "Lakini hujaza kwanza pipa la mwenye nyumba ya bati."

Lilikuwa neno zuri, na Duncan aliliandika kwenye kijitabu chake. Kisha kura ikapigwa. Dama, mwenyekiti wa mweria, aliinua mkono mapema hata swali halijaisha, na wengine wakamfuata, kwa sababu mtu aliyekalia kiti cha mtoto kwa saa mbili atakubali lolote ili anyooshe miguu.

Wiki ya kwanza ilikuwa sikukuu. Fondo alifungua mkono kweli. Aliwaita wanawake wamsafishie ekari zake za kando ya barabara kwa kadi mbili kwa siku badala ya moja. Kisha tatu. Wenye pikipiki wakaanza kukubali kadi. Dama alinunua leso kwa kadi nane, akaivaa siku hiyo hiyo, akapita nayo kwa Mbeyu makusudi.

"Shoga, umeiona?"

"Nimeiona. Inasemaje?"

"Usinisomee leso, ipendeze tu." Dama akazunguka. "Tangu nizaliwe sijapata kulipwa siku tatu kwa siku moja. Na wewe kopo lako umelikalia kama kuku."

"Kuku akiondoka mapema hatotoi."

Alikuwa akingoja wingu. Ukilima mapema, majani yanarudi kabla ya mbegu, na kazi ni ile ile mara mbili. Hilo kila mkulima analijua. Asilolijua ni kwamba kopo likikaa katikati ya kadi mia sita mpya, vilivyomo ndani hupungua bila mtu kulifungua.

Wiki ya tatu, unga ulikuwa kilo moja kwa kadi. Wiki ya tano, robo tatu. Fondo alieleza kwa masikitiko kwamba yeye hapandishi bei, ni bei yenyewe inayopanda, na yeye anaisindikiza tu. Leso kama ya Dama, ila ya kijani, sasa ilikuwa kadi ishirini. Mashamba ya bondeni penye majimaji, ambayo mtu alikuwa akiyakodi kwa kadi kumi msimu mzima, yalifika hamsini, na aliyeyakodi yote, kabla hayajafika hamsini, alikuwa Fondo. Kadi zilipotoka kwake zilikuwa bado na nguvu ya unga wa kilo moja na nusu. Zilipomfikia mponda kokoto wa mwisho kijijini, hazikuwa na nguvu ya kujaza kibaba.

Na kwa kuwa unga ulikuwa umepanda na watu hula kila siku, Fondo alinunua daftari jipya. Dama alikuwa ukurasa wa kwanza: godoro, kadi sitini, kulipa kidogo kidogo.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, upande wa bahari, wingu la kwanza lilijitokeza, jeusi chini na jeupe juu. Mbeyu aliosha uso, akafungua kopo, akaenda kwa Dama.

"Nakuja kuita mweria. Kesho kutwa na siku inayofuata. Wote kumi na wawili."

Dama alikuwa akipepeta. Hakuinua macho. "Una kadi ngapi?"

"Unazijua. Ishirini na nne."

"Siku ni kadi tano sasa."

Mbeyu alitoa moja, akaiweka juu ya ungo. "Hii imeandikwa nini?"

"Siku moja."

"Isome tena."

"Mbeyu mwenzangu, maandishi ni maandishi, bei ni bei. Fondo anatoa tano. Kwa zako utapata wanne, na wa tano aje bila mkono mmoja. Tena si wiki hii. Wiki mbili hizi zote ametukodi."

"Wiki mbili, mvua itakuwa imenyesha."

"Basi ungeita mapema." Dama alipuliza makapi. "Nilikwambia."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na Duncan alipatikana darasani, kompyuta yake juu ya meza ndogo. Alifurahi kumwona. Alimgeuzia kioo: mstari mwekundu ulipanda kutoka pembe hadi pembe kama mtu anayekimbia siafu.

"Unaona, mama? Hii ndiyo grafu ya Chikwajuni. Kadi zinazobadilisha mikono kwa wiki: zimepanda asilimia mia nne. Makao makuu wameituma hadi ng'ambo."

"Shamba langu liko wapi hapo?"

"Haya ni mambo ya jumla, mama. Mtu mmoja mmoja haonekani."

"Nilikuwa na siku ishirini na nne. Leo hata tano hazitimii. Zile nyingine zimekwenda wapi? Sijapoteza kadi hata moja."

Duncan alifikiri. Alikuwa kijana mwaminifu, na swali lilimgusa. "Ulihifadhi," alisema mwishowe, kama daktari anayetaja ugonjwa. "Hilo ndilo kosa. Ukihifadhi wakati wa kulegeza, unaumia. Ungetumia."

"Kwa hiyo aliyelima akangoja mvua ndiye mkosaji. Na aliyeuza madeni ya maiti?"

"Yule alisukuma uchumi."

Alipofika nyumbani, Kitsao alikuwa kibarazani, safari hii ameketi, na pembeni yake yuko Fondo na soda tatu. Ya tatu ilikuwa ya Mbeyu. Hakuigusa.

"Shikamoo, shemeji," alisema.

"Marahaba. Fondo ana neno jema."

"Mimi sina tamaa ya shamba la mjane," Fondo alianza, na mtu akianza hivyo shika pindo la leso yako. "Nasema tu, majembe ninayo. Nitakulimia zote tatu, nipande msimu huu. Na ukoo nitaupa kadi mia moja za heshima."

"Msimu huu tu?"

"Msimu huu. Halafu tutazungumza."

Kitsao alikuwa tayari anazihesabu zile mia moja kwa midomo. "Shemeji, ni mia moja. Wewe ulihangaika miaka miwili ukapata ishirini na nne."

"Na yeye amehangaika wapi kuzipata za kwake?"

"Nimehangaika dukani," alisema Fondo, bila haya.

"Nina siku ngapi, shemeji?" aliuliza Mbeyu.

"Mvua ya kwanza ikikauka miguuni, nakuja na kamba ya kupimia. Palipolimwa ni pako. Pasipolimwa, ndipo tutakapomkatia Fondo."

Usiku ule mvua haikunya, lakini upepo uligeuka. Asubuhi Mbeyu alichukua kopo na jembe, akaenda kando ya barabara, kwenye ekari za Fondo. Wanawake wote kumi na wawili walikuwa wamejipanga mstari mmoja, migongo imeinama. Lewis, mtoto wa Fondo, aliwasimamia akiwa chini ya mwavuli, na hata mvua bado.

Mbeyu alipita mbele ya mstari, akasimama mbele ya Dama.

"Dama, nilikulimia lini?"

"Mbeyu, nimeshakwambia, kadi..."

"Sikukuuliza kadi. Nilikulimia lini?"

Dama aliegemea mpini. Mstari mzima ulikuwa umesimama. "Jumatatu na Jumanne," alisema taratibu. "Wiki ile binti yangu Mapenzi alipojifungua. Nilikuwa naye hospitali Msambweni."

"Nilikuja na nini?"

"Na jembe."

"Nilikuja na majembe matano?"

Mbeyu alitoa kadi mbili, akazitupa juu ya udongo uliogeuzwa, mbele ya miguu ya Dama. Akasogea kwa anayefuata. "Wewe ni Alhamisi na Ijumaa, ulikuwa na homa, ulinipikia muhogo ukaunguza." Kadi mbili chini. "Wewe, siku tuliyomuua swila. Na kesho yake." Kadi mbili. Aliwapitia wote, kumi na wawili, hakukosea hata mmoja, mpaka kopo likabaki na kitambaa peke yake.

"Hizo ni zenu," alisema. "Mkampelekee Fondo awape nusu kilo. Mimi nataka siku zangu. Leo na kesho."

"Akitoka mtu hapa," Lewis alipaza sauti kutoka chini ya mwavuli, "kadi zake tano za leo amezipoteza!"

"Wewe mtoto," alisema Jumwa, akitia jembe begani, "kadi zako tano ni mchicha fungu moja. Mwambie baba yako aje alime na daftari." Akavuka mtaro.

Wa pili akamfuata, kisha wa tatu, yule wa muhogo, akinung'unika kwamba haukuungua sana. Walipofika sita, mstari ulikoma. Wale wengine sita waliangalia chini. Hawakuwa wabaya. Mmoja alikuwa na deni la karo, mwingine la sufuria. Dama alikuwa na godoro, na godoro hilo lilikuwa limeshalaliwa, haliwezi kurudi dukani.

"Mbeyu," Dama aliita, sauti haina leso tena. "Nimekopa."

"Najua, shoga."

"Nikitoka analichukua."

"Najua. Endelea."

Walilima siku mbili, wale sita na Mbeyu wa saba, tangu alfajiri mpaka jua lilipowakataa. Mbeyu aliwapikia maharage, nao wakala wakimsimanga kwamba chumvi nayo inaonekana imepanda bei. Jioni ya siku ya pili mvua ilishuka yote kwa pamoja, bila salamu, wakaikimbia na majembe kichwani. Mbeyu alirudi nyuma peke yake na kikapu cha mbegu, akapanda giza lilipokuwa linaingia, tope mpaka magotini.

Kitsao alikuja na kamba yake siku ya tatu. Alipima kwa uaminifu mkubwa, kama kila mtu anayekula pembeni. Ekari moja na nusu ilikuwa imelimwa. Ekari moja na nusu haikuwa imelimwa. Aliikata hiyo ya pili palepale kwa vigingi vya miti, akamkabidhi Fondo, akapokea kadi zake mia moja, akashukuru kwa mikono miwili. Alikaa nazo wiki tatu akiwaza afanye jambo gani kubwa la kiukoo. Alipokwenda dukani nazo, zilimtosha mfuko wa unga wa kilo kumi na mche wa sabuni, na Fondo akamwongeza kiberiti, kwa ajili ya udugu.

Mahindi ya Mbeyu yalipofika magotini, Duncan alikuja mashambani na fomu. Makao makuu walitaka kujua matokeo kabla hawajaidhinisha kadi nyingine elfu moja, maana mstari wa grafu ulikuwa umeanza kulala tena. Alimkuta Mbeyu akipalilia upande wake wa vigingi. Upande wa pili, wa Fondo, majani yalikuwa yameyazidi mahindi kimo. Wapaliliaji sasa walikuwa wakitaka walipwe kwa unga, wasisikie la kadi.

"Hujambo, mama. Maswali matatu tu, nisikuchoshe. Kabla ya kulegeza, ulikuwa na ekari ngapi zilizolimwa?"

"Kabla? Lilikuwa limelala. Hakuna."

"Sifuri." Duncan aliandika. "Na sasa?"

"Moja na nusu. Lakini kabla nilikuwa na tatu za kwangu. Ile moja na nusu nyingine unayoiona pale imechukuliwa na..."

"Hilo la umiliki halimo kwenye fomu, mama. Kulimwa tu." Uso wake ulikuwa umeng'aa. Alipiga mstari chini ya namba, akauzungushia duara. "Kutoka sifuri mpaka moja na nusu! Mama, wewe ndiye mtu aliyefaidika kuliko wote kijijini. Swali la mwisho: ungependa kuwaambia nini wafadhili?"

Mbeyu alinyoosha mgongo. Alimtazama kijana yule mpole kuanzia kalamu mpaka kwenye viatu vilivyochongoka.

"Waambie watoke," alisema. "Na wewe, mwanangu, anza. Unakanyaga mahindi."